Sabuni kidogo, maji mengi: namna ninavyoosha majani ya okidi zangu Lubumbashi

Mvua ya mwisho hapa Lubumbashi hunyesha mwezi wa nne, ikichelewa sana mwanzoni mwa mwezi wa tano, na baada ya hapo hakuna anayetazama mawingu mpaka mwezi wa kumi. Miezi yote ya katikati ni ya vumbi. Avenyu yetu huku Bel-Air haina lami. Kila gari likipita linatutupia vumbi jekundu juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sufuria, juu ya cherehani yangu, na juu ya majani ya okidi nilizozipanga dirishani. Wateja wanaokuja kupimwa magauni ya harusi huzitazama na kuniuliza jambo lile lile: majani yanang'aa hivi, unayapaka nini? Siyapaki kitu. Nayaosha. Na kwa kuwa jibu kamili ni refu kuliko muda wa kupima mabega na kiuno, naliandika hapa.

Okidi zangu karibu zote ni Phalaenopsis, zile zenye majani mapana, mazito, yaliyojaa maji. Asili yao ni misitu ya joto ya kusini-mashariki mwa Asia, Ufilipino na Indonesia na visiwa vya jirani, ambako hukaa juu ya mashina ya miti na mizizi yao ikiwa nje hewani. Huko mvua huyasuuza majani mara kwa mara. Kwetu mbingu zinafungwa karibu nusu mwaka, kwa hiyo kazi ya mvua inabaki mikononi mwangu, na naifanya kwa furaha.

Ukitaka kuelewa kwa nini nahangaika na jani, lazima ujue jani hilo ni nini kwa mmea huu. Phalaenopsis haina kiazi wala shina nene la kuwekea akiba. Maji yake na chakula chake vimo ndani ya majani yenyewe. Mmea uliokomaa unaweza kuwa na majani matano au sita tu, na kwa mwaka unaongeza mawili, labda matatu. Jani moja linautumikia mmea miaka. Mwembe una maelfu ya majani, yakichafuka mia moja haujali. Okidi yenye majani matano, mawili yakizibwa na vumbi kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, imepoteza sehemu kubwa ya mwanga wa msimu mzima, na msimu huo ndio inapojiandaa kutoa maua.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Matundu ambayo jani linapumulia yako zaidi upande wa chini, na Phalaenopsis huyafungua usiku. Mimea mingi huvuta hewa ya ukaa mchana. Hii huivuta usiku, wakati hewa ina ubaridi na unyevu, ikaihifadhi ndani ya jani, kisha mchana inatumia nguvu ya jua kuigeuza sukari. Ndiyo namna yake ya kutopoteza maji. Kwangu hilo lina maana mbili: upande wa chini wa jani unastahili kuoshwa kama wa juu, na kazi lazima iishe asubuhi, ili jioni ikifika jani liwe kavu kabisa.

Sasa sabuni. Mama mkubwa wangu, ambaye amekuja kukaa nasi kutoka Kasenga, alinikuta kwenye barza na beseni, akasimama akiangalia povu, akaniuliza: "Mwanangu, maua nayo inakulaka sabuni?"

"Hapana, mama. Inaogaka tu."

Swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia, kwa sababu kuna watu wanaoamini kabisa kwamba sabuni inakuza okidi. Sabuni si mbolea. Hakuna kitu ndani yake ambacho jani la okidi linakihitaji. Kama mmea unakua vizuri baada ya kuoshwa, ni kwa sababu umepata mwanga uliokuwa umezibwa na umeondolewa wadudu waliokuwa wanaunyonya. Ukiwa na vumbi tupu, kitambaa chenye maji safi kinatosha, na wiki nyingi mimi situmii kingine. Lakini vumbi la mjini si vumbi tupu. Lina moshi wa mbabula, lile jiko la makaa, lina mvuke wa mafuta ya kukaangia samaki, na mafuta hayo ndiyo yanayolishikilia vumbi kwenye jani mpaka maji yanapita juu yake bila kulitoa. Hapo sabuni inahitajika, kama mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi. Na inahitajika wadudu wakiingia.

Vumbi letu lina mambo mengine pia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mwaka 1911 tanuri la kuyeyushia likaanza kazi. Upande wa kaskazini-magharibi wa lile bomba refu la moshi, ambako upepo wa kiangazi huelekea, kuna ardhi iliyoachwa tupu na gesi ya salfa na vumbi la metali vilivyoangukia hapo kwa miaka na miaka. Kwa hiyo maji niliyooshea majani siyamwagi kwenye bustani ya sombe, yaani majani ya mihogo, wala ya lengalenga, yaani mchicha. Nayamwaga kwenye mtaro, na mikono nainawa kabla ya kugusa chakula cha watoto.

Kabla ya sabuni yenyewe, tuzungumzie maji, maana hapa ndipo watu wengi wa Lubumbashi wanapokwama bila kujua. Chini ya mji wetu kuna mwamba wa dolomiti, na maji yanayotoka kwenye visima virefu yamepita ndani yake, yakabeba chokaa na magnesi. Angalia ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe ndio huo. Sabuni ikikutana na chokaa haitoi povu. Inagandamana nayo na kuwa utando wa kijivujivu, ule unaobaki kama mstari kuzunguka beseni la kufulia. Utando huo ukikauka juu ya jani, umeliziba vibaya kuliko vumbi lilivyokuwa limeliziba, na sabuni yako haikufanya kazi yoyote kwa wadudu, kwa sababu imekwishamalizwa na chokaa.

Kujua maji yako ni rahisi. Chukua chupa inayoonyesha ndani, weka maji nusu, dondoshea kipande kidogo cha sabuni, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama na maji ya chini yakabaki karibu maangavu, maji ni laini. Yakiwa mazito, yenye vijipande vinavyoelea na povu lisilodumu, maji hayo usiyapeleke kwenye okidi pamoja na sabuni.

Mimi nakinga mvua za mwisho za mwezi wa tatu na wa nne katika bidoni, yaani madumu, nazifunga, naziweka kivulini. Hayo ni maji ya okidi, na nyumbani wote wanajua hayaguswi. Yakiisha kabla ya mvua kurudi, nachemsha maji ya robine, yaani ya bomba, nayaacha yalale usiku mzima, asubuhi namimina ya juu taratibu na kuacha yale yaliyotuama chini. Kuchemsha kunafanya sehemu kubwa ya chokaa ijitenge na kuzama. Ndiyo maana birika linaota ukoko. Hayawi sawa na ya mvua, lakini yanafaa. Kama jani lina madoa meupe ya zamani ya chokaa, matone machache ya limau katika kikombe cha maji, kitambaa laini, na kusuuza baadaye, huyaondoa vizuri.

Sabuni ninayotumia ni ya kipande, ya kawaida, ile ya mafuta ya mawese, isiyo na harufu wala rangi ya kupendezesha. Naikwaruza kwa kisu, kijiko kidogo cha chai kisichojaa kwa lita moja ya maji, nayeyusha katika maji ya moto kidogo kwanza, kisha naongeza mengine mpaka yawe vuguvugu. Sabuni laini ya potasi ni nzuri zaidi, ndiyo inayotengenezwa viwandani kwa ajili ya kuua wadudu wa mimea, lakini sijawahi kuitegemea kuipata madukani hapa. Kuna pia sabuni ya majivu, ambayo nayo ina potasi. Ikiwa haijakomaa vizuri inabaki kali sana, inachoma hata ngozi ya mkono, kwa hiyo siipeleki kwenye jani.

Sabuni ya unga ya kufulia, hapana. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hapana kabisa. Ile ya maji ya kuoshea vyombo watu wengi wanaitumia, matone mawili matatu, na okidi zao hazijafa, mimi siitaki. Imetengenezwa ili isibakize hata chembe ya mafuta kwenye sahani, na jani la okidi limefunikwa na nta yake lenyewe. Nta hiyo ni kama bitana ya koti: haionekani kwa nje, lakini ukiitoa koti lote linapoteza umbo. Inazuia maji ya jani yasikauke, inazuia ukungu usiingie. Mng'ao mnaousifu dirishani kwangu ni hiyo nta tu, ikiwa safi. Kuna wanaopaka maziwa, wengine mafuta ya kupikia, wengine mayonezi, wakitafuta mng'ao huo huo. Vyote vinaziba matundu, vinashika vumbi jipya kwa kasi, na maziwa yanaleta ukungu na sisimizi wa jikoni wanakuja kuyafuata. Naomba mwache.

Kuosha kwenyewe kunaanza na macho. Nauweka mmea juu ya meza ya kukatia, penye mwanga wa asubuhi, naukagua upande wa chini wa kila jani kabla ya kulowesha kitu chochote, maana ukishalowesha dalili nyingi zinapotea: vumbi laini la kifedha ambalo utitiri huacha, nukta za kahawia za wadudu wa vidugamba kando ya mshipa wa katikati, nyuzi nyeupe kwenye pembe ambako jani linaungana na shina. Halafu navika chungu mfuko wa plastiki, naufunga kwa ukanda kwenye shingo ya mmea, ili maji ya sabuni yasiingie kwenye makala (makaa) na magome mizizi ilikokaa. Mizizi ya okidi ina ganda jeupe linalofyonza kila kitu kinacholigusa, na sabuni si kitu cha kukaa humo.

Kitambaa: hapa kazi yangu inanisaidia. Nina mabaki ya pamba ya rangi zote. Kila mmea una rangi yake. Ile nyeupe kubwa ina vipande vya bluu, ya zambarau ina vya njano, na siku ile kipande hakivuki kwenda kwa mwingine. Si urembo. Okidi zina magonjwa ya virusi, mawili yaliyoenea zaidi duniani ni ule unaoitwa Cymbidium mosaic na ule wa Odontoglossum ringspot, na hakuna dawa ya kuyaponya. Hupita kwa utomvu, kutoka jani lililochubuka kwenda jingine, kwa kisu, kwa mkasi, kwa vidole. Kitambaa kilichopita juu ya jani lenye jeraha kinaweza kuubeba. Nikimaliza, nachemsha vipande vyote. Mkasi wa okidi ni wa okidi, na mkasi wa kitambaa hauguswi na mmea.

Mkono wa kushoto unakaa chini ya jani, kiganja kikiwa wazi, kulibeba uzito. Wa kulia unapangusa kuanzia shinani kwenda nchani, kwa mkupuo mmoja, bila kurudi nyuma. Jani la Phalaenopsis linapenda kukatika kwa upana. Ukilikandamiza katikati bila kulibeba utasikia mlio mdogo mkavu, na ufa huo hauponi. Juu kwanza, chini baadaye. Kitambaa cha kwanza kinatoka chekundu kabisa, cha rangi ya barabara yetu. Cha pili kinatoka na kijivu, na huo ndio moshi wa jikoni. Cha tatu kikitoka safi, basi. Naliacha povu dakika chache tu, kisha nasuuza kwa maji safi ya mvua, mara mbili, mpaka kidole kikipita juu ya jani kisiteleze. Utelezi ukibaki, sabuni imebaki. Sabuni ikikaukia juu ya jani na jua la kiangazi likalipata, asubuhi inayofuata utakuta madoa ya njano yaliyochomeka. Mwezi wa kumi, ambao ndio wa joto kali kuliko yote hapa, sithubutu kuuweka mmea uliolowa karibu na kioo hata kwa dakika kumi.

Halafu moyo wa mmea. Hili nawaomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Porini Phalaenopsis haisimami wima. Inaota ikiwa imeinama kwenye shina la mti, majani yakining'inia kuelekea chini, kwa hiyo mvua ikipiga inateleza na kudondoka. Sisi tumeiweka kwenye chungu na kuisimamisha, kwa sababu inapendeza hivyo mezani, na sasa maji yote yanakimbilia katikati, mahali jani jipya linapotokea. Yakilala humo usiku mmoja wa baridi, uozo unaweza kuanza. Jani la katikati linageuka jeusi pale shinani, ukilivuta kidogo linatoka mkononi, na mmea huu una moyo mmoja tu. Pengine utatoa chipukizi kando ya shina, pengine hautatoa. Ndiyo maana wakati wa kusuuza naulaza mmea ubavu, nikiwa nimeshika chungu kwa mkono mmoja, ili maji yatoke yanapoingia. Na nikimaliza nasokota kipande cha karatasi laini mpaka kiwe na ncha, nakichomeka taratibu katikati, nakitoa, naangalia kama kimelowa, narudia na kingine. Pembe za majani ya chini nazo hivyo hivyo. Kazi hii ya karatasi inachukua muda mrefu kuliko kuosha kwenyewe, na siifupishi.

Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu unashuka chini ya nyuzi 10, na Phalaenopsis haipendi kushuka chini ya 15. Wakati huo vyungu vinatoka dirishani na kuingia chumba cha ndani kila jioni, na maji ya kuoshea lazima yawe vuguvugu. Lakini baridi hiyo hiyo ina zawadi yake. Okidi hii ikikaa wiki kadhaa katika hewa isiyozidi nyuzi 25 hivi mchana, ndipo inapoanza kutoa kikonyo cha maua. Ulaya wanalipia mitambo ya kupooza hewa ili kupata hali hiyo. Sisi tunapewa bure na kiangazi cha Katanga. Kikonyo kinachomoza kutoka chini ya jani, kijani, kifupi, na mwanzoni kinafanana sana na mzizi mpya. Ncha ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa. Ya kikonyo imebanwa kidogo na ina magamba. Kitambaa kinachopita kwa haraka kinakivunja bila wewe kusikia. Basi kuanzia mwezi wa saba napangusa majani ya katikati kwa kidole kimoja tu kilichofungwa kitambaa, si kwa kiganja.

Wadudu ndio sababu ya pili ya sabuni, na hapo mama mkubwa wangu alinifundisha kitu. Nilimwonyesha vidung'ata kwenye pembe ya jani, weupe, wenye unga wa nta mwilini, wasioenda mbali. Akainama, akavaa miwani, akasema: "Huyu mududu namujua. Ni ndugu ya ule alimalizaka mihogo yetu."

Ni kweli kabisa, ni ndugu. Kidung'ata wa mihogo alitoka Amerika ya Kusini na kuonekana hapa Kongo mwaka 1973, upande wa Kinshasa, kisha akasambaa katika Afrika yote inayolima mihogo. Mama mkubwa anakumbuka ncha za mihogo zilizojikunja zikawa fundo, na sombe isiyopatikana kwa bei yoyote. Aliyemshinda hakuwa dawa ya kupuliza. Alikuwa nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, aliyepatikana Paraguay mwaka 1981, akaletwa Afrika na kuachiwa mashambani. Anataga mayai yake ndani ya kidung'ata. Hans Rudolf Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Wale wa okidi ni aina nyingine, na chumbani mwangu hakuna nyigu, kwa hiyo ni mimi na sabuni. Sabuni inaondoa nta inayowakinga na kuharibu ngozi yao laini, wanakauka. Lakini inaua pale tu inapowagusa ikiwa mbichi. Ikikauka haina nguvu tena, na mayai mengi hayaguswi kabisa. Kwa hiyo kuosha mara moja na kushangilia hakufai; narudia baada ya wiki, na tena baada ya wiki nyingine, nikitumia kijiti chenye pamba kufikia pembe ambazo kitambaa hakifiki. Vidugamba wana gamba gumu, hao nawakwangua kwanza kwa ukucha, kisha sabuni. Na ukiona sisimizi wanapanda chungu kwa mstari, usiwalaumu wao tu. Wanafuata utamu ambao vidung'ata na vidugamba wanautoa, na wanawalinda ili waendelee kuutoa. Utamu huo huo ukidondoka juu ya jani la chini unaota ukungu mweusi, unaofanana na masizi, na huo unatoka kwa sabuni vizuri sana.

Mama mkubwa huyo huyo anazijua okidi tangu utoto, ila kwa njia ya sufuria. Kikanda tunachonunua kwa vipande, pamoja na pilipili, kinatengenezwa kwa viazi vya okidi za ardhini, za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria, zinazoota kwenye dembo, yale mabonde yenye majimaji. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga mpaka vigande. Alipoelewa kwamba dirishani kwangu kuna ndugu wa kikanda, alicheka mpaka akakaa chini. Nakipenda kikanda. Lakini kukipata kiazi lazima mmea ung'olewe, na haurudi. Huko Tanzania walifikia kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa mwaka 2005, nyanda zenye okidi nyingi ambako viazi vilikuwa vinachimbwa na kupelekwa Zambia. Nyumbani kwetu sasa kikanda ni cha sikukuu.

Na kuna okidi yetu ya misitu ya miombo, Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia, inayokaa juu ya miti ile ile inayokatwa kwa makala. Watu wanaileta mjini ikiwa imechanwa kutoka kwenye tawi. Jamii yote ya okidi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na mimi siinunui ile iliyong'olewa porini hata nikibembelezwa. Ukiwa nayo kwa njia halali, usiioshe kwa sabuni: mizizi yake mingi inasimama juu kama miiba, inakusanya majani makavu yanayoilisha, na povu likiingia humo huwezi kulitoa. Maji ya mvua ya kunyunyiza tu.

Maua ya Phalaenopsis nayo hayaoshwi. Tone la sabuni juu ya ua linaacha doa siku hiyo hiyo. Jani changa ambalo bado halijafunguka liache lilivyo, mpaka lifikie nusu ya urefu wa ndugu zake. Na jirani yangu, dada mmoja anayesoma haya bila shaka, aliniletea wiki iliyopita Saintpaulia yake, ile ya milima ya Usambara, niipe sabuni pamoja na zangu. Dada yangu, hiyo ina majani yenye manyoya. Maji yakibaki kati ya manyoya yanaacha madoa yasiyotoka. Nimekuwekea juu ya kabati brashi laini ya rangi, mpya, kavu. Ipitishe kuanzia shinani kwenda nchani, na uje kuichukua kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nina bi harusi wa kuvalisha.